Fukwe Nilizozionja kwa Ajili ya Fahali

Wengine wanazijua fukwe za bahari kwa macho. Mimi nazijua kwa ulimi.

Chanzo ni darasa la jioni la watu wazima, ambako nilijifunza kwamba maji ya bahari yana chumvi. Wakati huo nilikuwa utingo wa lori la mashamba ya ngano ya serikali, na habari hiyo nikawa natembea nayo kama mtu aliyenunua redio mpya. Nikafika nayo hadi kijiji cha Gendabi, kwa mzee ambaye nilikuwa nimepeleka posa kwa binti yake.

Mzee alikuwa na fahali mkubwa kiasi kwamba akisimama mlangoni asubuhi, nyumba nzima ilidhani bado ni usiku. Siku hizo fahali alikuwa ameyachoka magadi ya ziwani kwetu na ameanza kukonda. Mzee aliposikia habari za bahari, akasema posa ataijibu nikimletea udongo wa chumvi wa huko. Tena si udongo wowote. Kwetu mchungaji huonja kwanza, ndipo anawaachia ng'ombe walambe, maana udongo mbaya huharibu tumbo.

"Usinibebee wa mahali pa kwanza utakapofikia," alisema. "Onja kote, kisha uchague."

Haikupita muda, lori likatumwa Tanga kuchukua vipuri vya mashine za kuvunia. Vipuri vikakwama bandarini, dereva akajilalia chini ya lori, nami nikachukua gunia nikafuata mwambao.

Pwani ile ni kama iliumbwa na mtu mwenye hasira. Majabali yana ncha kali kuliko sahani za haro ya kulimia, halafu ghafla unakuta kighuba chenye mchanga mweupe kama sembe, halafu majabali tena. Kila ghuba nilipiga magoti, nikachota, nikaonja. Ya kwanza ilikuwa na chumvi ya uvivu. Iliyofuata ilinuka mikoko. Ile iliyo chini ya genge ilikuwa kali hadi nikaona Mlima Hanang wa kwetu kwa mbali. Kila jabali nililopanda lilidai kipande cha suruali, nikawa nalipa.

Katika ghuba mojawapo nikamkuta mama akitafuta pweza kwenye miamba. Nikamwamkia shikamoo, mchanga ukanidondoka mdomoni. Akaitikia marahaba, akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, kama ni njaa, nyumbani kuna muhogo."

Nikamweleza kwamba naonja kwa niaba ya fahali. Akauliza fahali mwenyewe yuko wapi. Nikamwonyesha magharibi, nyuma ya milima yote. Akaenda kuniletea muhogo.

Ghuba iliyo mbele ya hapo ndiyo niliyoichagua. Ilikuwa na chumvi tulivu, isiyokwaruza koo. Nikajaza gunia.

Niliporudi Gendabi, majirani walikuja kutazama, wakulima kwa wafugaji. Fahali akanusa, akapiga chafya, mchanga ukatuingia sote machoni, akageuka na kwenda zake ziwani kwenye magadi yaleyale. Nikaiona posa yangu inamfuata nyuma.

Mzee akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Huu ni mchanga."

"Ndiyo, baba."

Akataka kujua ghuba nyingine zilikuwaje. Nikamsimulia ghuba moja baada ya nyingine, uchungu wake na ukali wake. Alisikiliza mpaka maziwa yakapoa kwenye kibuyu.

"Zote umeweka mdomoni?"

"Zote, baba."

Akamgeukia mkewe. "Mtu aliyekula pwani nzima kwa sababu ya ng'ombe asiye wake, binti yetu hawezi kulala njaa kwake."

"Atalala," mama alisema, "maana mwenyewe anashiba mchanga."

Lakini alishaanza kucheka, na kwao mama akicheka, shauri limekwisha. Gunia lenyewe alilichukua yeye, mchanga wake akasugulia masufuria ya harusi. Yaling'aa hivi kwamba fahali alijiona kwenye moja, akataka kupigana.