Jina la Mwenye Simu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya mradi wa mbuzi mjini Kitui. Tulikuwa na kompyuta moja na laini moja ya simu. Ukitaka kupiga simu, unakata intaneti kwanza. Barua pepe ya ofisi ilikuwa moja, na neno lake la siri alilijua meneja peke yake. Aliliandika siku ya kwanza, akaiambia kompyuta ilihifadhi, na tangu hapo mashine ikawa inatufungulia yenyewe.

Kisha fundi akaja kuisafisha. Kweli alisafisha! Asubuhi iliyofuata mashine iliniuliza neno la siri kana kwamba hatujawahi kuonana. Nami ndani ya barua pepe hiyo nilikuwa nimepewa nafasi ya kusomea kompyuta Nairobi, nafasi niliyoiomba mara tatu, na walitaka niwajibu kwa barua pepe kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Nilijaribu jina la meneja, la dume la mradi, hata la kanisa lake. Wapi!

Meneja alikuwa likizo Mukuyuni, amewapeleka watoto kwa mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa na duka lenye simu, na namba yake ilibandikwa ukutani kwetu. Nikapiga. Aliipokea mwenyewe, nikamsikia akimtuma mteja, "Niitie huyo mgeni wetu, ako nje na watoto." Ukambani mtu na mama mkwe wake hawaketi pamoja wala hawatajani majina. Heshima hiyo tunaiita nthoni, na meneja aliishika kwa mikono miwili. Hakuingia dukani mpaka mama alipojitoa na kwenda stoo.

"Bosi, kompyuta imesahau paswadi. Naihitaji sasa hivi."

Akanong'ona, "Hiyo siwezi taja."

"Lakini mimi ni karani wako!"

"Si wewe. Ni jina ya mtu."

"Ya nani?"

"Ya mwenye simu."

Nikaelewa. Alilichagua kwa sababu hakuna siku ambayo lingemponyoka mdomoni, na kwenye kioo lilitokea nyota tupu, kwa hiyo hakuna aliyeliona alipoliandika. Hesabu nzuri kabisa, ila ilikuwa saa tano na nusu na machozi yalikuwa yananilenga.

"Ngoja hapo," akasema. Nikasikia mkono wa simu ukiwekwa kwenye kaunta, viatu vikitoka, kisha kandambili zikija.

"Msichana wangu, huyu ameacha simu na kutoka mbio. Kuna nini?"

"Mama, nisamehe sana. Unaitwa nani?"

Alinitajia herufi moja moja, nikaziandika kiganjani. Akauliza jina lake ni la kazi gani huko Kitui, nikamweleza yote. Alicheka mpaka wateja wakacheka naye. Halafu sauti ikashuka.

"Mwambie nimefurahi. Miaka yote hii nilikuwa nafikiria hata hajui naitwa nani."

Nilijibu barua yangu zikiwa zimebaki dakika kumi. Siku ya kwanza darasani Nairobi, mwalimu alituambia tuchague neno ambalo hatutalisahau na ambalo wengine hawatalikisia. Nililiandika jina la yule mama, nikalitazama likigeuka nyota moja moja. Sijawahi kulitaja mbele ya mtu, na hata hapa siliandiki.