Ujumbe Kutoka Majimbo

Mzee Murungi, mkulima wa viazi huko Kiirua, aliweka picha ya Joyline, binti yake aliyepotea, kwenye mtandao. Kwa kuogopa matapeli, hakuandika namba yake ya simu. Watu wengi wakaisambaza.

Kisha mtandao ule ukabana huduma za bure: asiyelipia hangeweza tena kusoma ujumbe wa watu asiowajua. Hatimaye Murungi aliuza kondoo, akalipia.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Wawira, mama wa mtaa wa Majimbo, Embu. "Mzee, Joyline yuko kwangu. Ni mgonjwa sana. Nipigie kwa namba hii."

Uliandikwa miezi miwili iliyopita. Akapiga simu papo hapo.

"Pole, baba," Wawira alisema. "Tulikungoja sana. Kanisa letu ndilo lilimzika."

Murungi aliuliza kaburi liko wapi.