Tulimpita Kongwa

Kama unataka kucheka, cheka sasa, umalize, kisha unisikilize. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hesabu miaka mingi, si mtu wa kuona majini kila kichaka kikitikisika. Haya niliyaona saa kumi jioni, jua linawaka, nikiwa sina homa wala usingizi. Na mume wangu alikuwepo, kamuulize.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa dereva wa serikali. Alistaafu miaka ile magari ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kuingia kwa wingi, hata mtu wa kawaida akathubutu kuota gari. Kiinua mgongo chake kikaishia kwenye pikapu nyeupe yenye maandishi ya Kijapani mlangoni. Nyuma akafunga fremu na turubai, akatandika godoro, akaweka jiko la mafuta ya taa na ndoo mbili za maji.

"Mama Neema," akaniambia, "maisha yangu yote nimewapeleka wakubwa kwa ndugu zao. Sasa nakupeleka wewe kwa wako."

Majirani zetu Dodoma mjini walisema wazee wamechanganyikiwa. Wacha waseme. Mimi nilifurahi kama bibi harusi. Tulianzia Busi kwa rafiki yake wa zamani, tukakaa wiki nzima, tukilala garini uani ingawa vyumba vilikuwepo. Kisha tukageuza kwenda Mlali kwa Dada Eliza, mkubwa wangu.

Njia ya Mlali inapita Kongwa, na Kongwa hatukusimama. Pale ndipo tulipoanza maisha, na pale ndipo alipozikwa mtoto wetu wa kwanza, Yona, akiwa na siku saba. Baba Neema alikuwa safarini na wakubwa wake, nami nilikuwa bado kitandani, sikupelekwa makaburini. Siku zile mzazi aliyetoka kujifungua hakupelekwa. Tangu hapo hatukulitaja tena jina lake. Neema alipozaliwa watu wakaniita Mama Neema, nikaitika. Basi tulipofika Kongwa, mume wangu alikanyaga mafuta, nami nikatazama upande wa pili.

Kabla ya Mlali kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu na magari hukatiza katikati. Siku ile upande wetu kulikuwa kukavu, ila mbali juu ya milima wingu lilikuwa limekaa. Pale njia inapoanza kuteremka alisimama mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ana fimbo ya kuchungia, lakini ng'ombe sikuwaona. Alikuwa amejifunga khanga moja begani.

"Shikamoni, wazazi."

"Marahaba," akasema Baba Neema, gari linanguruma. "Salama? Haya, tupishe."

Hiyo ndiyo aibu niliyoibeba miaka yote ya ndoa. Huku kwetu salamu si neno moja. Unaulizwa nyumba, watoto, mifugo, mvua, unaitikia kimoja kimoja, kisha zamu inakuwa yako kuuliza. Baba Neema, kwa kuwaendesha wakubwa wenye haraka, alizoea kusalimia kwa dirishani huku mguu uko kwenye mafuta.

Yule mtu hakupisha. Aliweka mkono juu ya boneti, akanitazama mimi.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe?"

"Hatuna, baba," nikacheka. "Tuna kuku."

"Kuku hawajambo?"

"Wazima."

"Neema hajambo?"

"Hajambo, yuko Morogoro."

"Daudi? Eliya? Rehema?"

Nilimwitikia mtoto mmoja mmoja, wote wanne. Nilijiambia huyu ni wa Mlali, Dada amemsimulia habari zetu. Ungefikiri nini wewe?

"Mama Neema, mvua ile itatukuta njiani," mume wangu akanong'ona, akaingiza gia. Nami nilikuwa nimechoka kumwonea aibu. Nikaushika mkono wake pale pale kwenye gia. Zamu yangu ilikuwa bado.

"Na wewe, baba, kwenu hawajambo?"

"Tuko salama."

"Baba yako?"

"Hajambo."

"Na mama yako je?"

Akatabasamu. Ana mwanya, kama wa Baba Neema.

"Mama hajambo," akasema. "Nimemwona leo."

Kabla sijaitikia, nikasikia ngurumo upande wa kulia. Niamini, sijawahi kuona maji ya namna ile. Yalikuja mekundu, yamebeba magogo mazima, yakajaza korongo kutoka ukingo hadi ukingo, pale pale ambapo tungekuwa. Baba Neema akazima gari. Tulipogeuka kumwangalia yule mtu, hakuwepo. Nilishuka nikatafuta. Vumbini kulikuwa na nyayo za mbuzi na za ndege. Za mtu, hata moja.

Tulilala ng'ambo ya huku, asubuhi maji yakapungua tukavuka. Dada Eliza alikuwa anapepeta mtama. Nilimsimulia yote, naye akacheka mpaka nilipofika kwenye mavazi.

"Khanga gani?"

"Nyekundu, ina mabaka meusi. Kipande kimoja tu. Nilidhani ni ufukara."

Akaweka ungo chini. Akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa, akarudi na khanga nyekundu yenye mabaka meusi.

"Doti ina vipande viwili," akasema. "Hiki nilibaki nacho. Kile kingine nilimfunikia Yona. Mimi ndiye niliyemlaza kaburini, mdogo wangu. Sikukwambia, maana hukuuliza."

Baba Neema alilia kwa sauti, mtu mzima yule.

"Tulimpita," akasema. "Ndugu wote tunawatembelea, yeye tukampita."

Kesho yake tulirudi Kongwa, Dada akatuonyesha mahali. Nilikaa chini nikalia, kisha moyo ukatulia kuliko ulivyotulia miaka yote ile. Mume wangu ndiye aliyesalimia. Alianza mwanzo: mvua, kuku, wadogo wanne wa Yona. Hakuruka kitu.

Tangu siku hiyo safari zetu zote huanzia Kongwa. Khanga ya Dada imetandikwa juu ya godoro letu. Na Baba Neema sasa akikutana na mtu njiani anazima gari, anashuka, anauliza mpaka habari za mbuzi. Harusi tunachelewa, hata misiba tunachelewa. Silalamiki.

Nawe unayefunga safari kwenda kuona ndugu, sikia. Ukisimamishwa na mtu anayetaka kukujulia hali, zima gari umwitikie mpaka mwisho, na zamu yako ikifika uliza. Na ukiwahesabu ndugu wa kuwatembelea, wahesabu na waliolala. Mimi nikiulizwa siku hizi nina watoto wangapi, nasema watano.

Mtaani bado ni Mama Neema. Ila tukiwa wawili tu garini, turubai limefungwa na chai iko jikoni, mume wangu huniita Mama Yona, nami naitika.