Mlima Ambao Sikuuweka

Ilianza Jumapili, saa moja na robo asubuhi, kwenye kiwanja kidogo cha ndege hapa mjini, nilipoitikia kwa kichwa jambo ambalo halikuwa kweli.

Baba huruka na mwavuli kutoka kwenye ndege. Siku hiyo angeruka kwenye jubilei ya parokia moja milimani, atue uwanja wa misheni. Ndani ya begi lake la mgongoni kuna kisanduku kinachopima hewa kijue ardhi iko mbali kiasi gani: mtu akizimia huku anaporomoka, chenyewe hufungua mwavuli wa akiba kabla hajafika chini. Ila kinaijua ardhi ya pale kilipowashiwa tu. Ukikiwasha mjini ukatue mlimani, lazima ukiambie mlima umeuzidi mji mita ngapi. Usipokiambia, ardhi itakufikia kwanza.

Kukiwasha ni kazi yangu tangu darasa la tano. Kuweka mita za mlima, unabonyeza kwa kuvizia taa nyekundu inapowaka. Rubani akaja kusimama nyuma yangu.

"Binti, changamka! Padri atamaliza mahubiri mgeni wa mbinguni hajashuka!"

Watu wakacheka. Nikaikosa taa. Nikarudia, nikaikosa tena. Kisanduku kikawaka, lakini mita za mlima kwenye kioo zikabaki sifuri.

"Mama, umeniwekea mlima?" baba akaniuliza, anafunga mikanda.

Nikaitikia kwa kichwa. Niliona aibu kuanza upya mbele yao.

Mimi na mama tukatangulia kwa gari. Njia nzima simu ya mama ilikuwa mapajani mwake. Sikuiomba nimpigie baba. Nilijiambia baba huvuta mwenyewe siku zote, kisanduku hajawahi kukihitaji.

Saa tano, pale misheni, ukungu ulikuwa umelalia migomba. Ndege tuliisikia, hatukuiona. Wanakwaya wa parokia wakakatisha wimbo. Nilihesabu sekunde, nikapotea, nikaanza tena moja. Mara baba huyo, chini mno, mwavuli ndiyo kwanza unafunguka, akaangukia bustani ya bibi mmoja.

"We baba, kabichi zangu!" bibi akapiga kelele. "Huko juu hukuona uwanja?"

Vigelegele vikapigwa. Mimi sikupiga.

Jioni nasonga ugali, nikamsikia baba anamsimulia mama: "Wingu lilinimeza. Nikachelewa kuvuta makusudi, niione ardhi kwanza. Sikuogopa, kisanduku si kipo? Mtoto kaniwekea mlima."

Nikauacha mwiko ndani ya sufuria.

Kisanduku hujizima chenyewe baada ya saa kumi na nne. Kwa hiyo nilipokwenda kulala ile sifuri ilishafutika, na hakuna ambaye angejua. Lakini kila nikifumba macho nilimwona baba ndani ya wingu, mikono imetulia, ananingoja mimi.

Asubuhi, nimeshavaa sare, nilimkuta uani anakunja mwavuli juu ya mkeka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Jana sikuweka mlima. Nilikudanganya."

Mikono yake ikasimama. Hakunigombeza. Baadaye akanisogezea begi, maana kukiwasha kisanduku bado ni kazi yangu. Nikamrudishia. Nikamwambia kuanzia leo akiwashe mwenyewe, asiniamini, kisha nikabeba madaftari nikaenda shule.