Mama Alipokataa Chakula

Asubuhi za Manundu, mtaa wa mji wa Korogwe, zilinuka mafuta ya kukaangia mihogo. Mama mkubwa, dada yake mama, aliwasha jiko kabla jua halijachomoza, na harufu ile ilipenya chini ya mlango ikaniamsha kwenye mkeka. Kwa kitambo kidogo nilidhani niko kwetu, kijijini kando ya barabara iendayo Handeni. Kisha nilikumbuka: baba alikwisha kufariki, mama yuko mahabusu, na mimi nimeletwa huku mjini kukaa hadi kesi iishe. Watoto wa mtaa ule walikuwa na michezo yao waliyoizoea. Niliketi kizingitini nikiwatazama, na hakuna aliyeniita.

Mama alikuwa amekamatwa kwa sababu ya shamba. Tajiri mmoja alileta trekta kusafisha ardhi ambayo kijiji kizima kililima tangu enzi za mababu, na wanawake wakaenda kukaa chini mbele ya trekta lile, majembe mapajani. Jioni hiyo trekta liliungua. Nani alilitia moto sijui hadi leo. Wakati moshi unaonekana, mama alikuwa nyumbani ananisuka nywele. Kesho yake walimchukua yeye na wenzake, wakafunguliwa mashtaka yasiyo na dhamana. Kila baada ya wiki mbili waliletwa mahakamani, mwendesha mashtaka akasimama na kusema upelelezi haujakamilika, nao wakarudishwa. Mvua za vuli zilipita, za masika zikaja, na maneno yakawa yaleyale.

Wakati ule ndugu waliruhusiwa kupeleka chakula gerezani, na kazi hiyo ilikuwa yangu nikitoka shule. Sharti lilikuwa moja: anayeleta aonje kwanza mbele ya askari. Nilimega tonge, nikachovya, nikameza, halafu afande akalipeleka bakuli ndani. Baadaye lilirudi tupu, limeoshwa na kusuguliwa kwa mchanga mpaka likang'aa, kama mama alivyosugua vyombo nyumbani. Sikuwa nikimwona, lakini bakuli lile lilinitosha. Nililibeba kifuani njia nzima.

Siku moja lilirudi limejaa.

"Mama yako hali," afande alisema. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya upole kuliko sare yake.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Nenda nyumbani, mwanangu."

Mama mkubwa alifunua bakuli, akatazama, akafunika tena. Nilidhani chakula hakikuwa kizuri. Kesho yake nilimwomba apike bada, ule ugali wa muhogo ambao mama aliupenda, pamoja na mlenda. Nikaonja, nikasubiri chini ya ukuta, na bada ikarudi imepoa, na alama ya tonge langu moja tu pembeni. Nikaanza kuamini kwamba mama amenikasirikia, ila sikujua kwa kosa gani.

Ukweli niliupata mahakamani. Wanawake waliingia wakishikana mikono, na mama, ambaye alikuwa akibeba gunia la mahindi kichwani huku akinicheka kwa uvivu wangu, alikuwa mwembamba kama aliyetoka kuugua. Hakimu alipotaka kuahirisha, mama alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hatukatai chakula kwa kiburi. Tunaomba kesi isikilizwe. Kama tuna hatia, tufungwe. Kama hatuna, tukalime."

Hakimu aliandika kitu. Mwendesha mashtaka akarudia maneno yake. Walipotolewa mama alinipita karibu sana, akanitazama, na askari hakumruhusu asimame.

Tangu siku hiyo nami sikula. Sikumwambia mtu. Shuleni niligawa uji wangu, nyumbani niliuficha mhogo kwenye sketi na kuwatupia kuku. Nilifikiri kwamba tukiwa na njaa moja, tutakuwa pamoja. Haikuwa hivyo. Njaa ilinifanya nione watu wote kwa mbali, hata mama mkubwa aliyekuwa ananiita kwa jina mara mbili mbili. Nilipoanguka mstarini shuleni, alinibana hadi nikasema, akajifunga khanga na kwenda kumsihi afande.

Ndipo niliporuhusiwa kumwona, nikiwa na bakuli alilonifungia mama mkubwa. Kulikuwa na wavu wa waya kati yetu. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Umekula, Hadija?"

"Sijala."

"Kwa nini?"

"Na wewe hujala."

Alikamata waya kwa vidole. "Mimi nina kesi," alisema. "Wewe huna kesi. Fungua bakuli, ule nikuone."

Nikala. Ulikuwa wali na maharage. Mama alinitazama mpaka nikamaliza, akimeza mate kila nilipomeza.

Siku chache baadaye mmoja wa wenzake alizimia akapelekwa hospitali. Ofisa mmoja akaja kutoka mkoani, akaahidi kwamba kesi itaharakishwa, wakakubali kunywa uji. Muda ulipita tena kabla mashtaka hayajaondolewa. Hakuna aliyesema wana hatia, wala hakuna aliyewaomba radhi. Tulirudi kijijini tukakuta ardhi imezungushiwa uzio, mkonge mchanga umeshapandwa. Mama alikodi kipande kingine, akalima. Kwa muda mrefu alikula kidogo, amesimama, akinipa mgongo.

Sasa naishi Mkumbara, nina duka dogo na watoto wawili, na mama yuko nami. Amenenepa, ana maneno mengi, anagombana na redio. Siku zile hazitaji. Mwaka huu tu, tukichambua mchele uani, nilimuuliza kama aliogopa kufa.

"Niliogopa sana," alisema. "Usiku na mchana. Ila ningemwambia nani?"

Aliendelea kupepeta. Nikapiga hesabu kimoyomoyo na kugundua kwamba mama niliyemdhania mtu mzima asiyetikisika wakati ule alikuwa kijana tu, mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Nikasogeza kigoda changu karibu na chake, tukachambua ungo mmoja.