Saa ya Charline Chini ya Bendeji

Imetangazwa rasmi, kwa mhuri na sahihi, kwamba barabara ya Goma hadi Butembo iko wazi, na kwamba kila msafiri atapita na mali yake bila kusumbuliwa. Tangazo lilisomwa redioni Jumatatu asubuhi, mara tatu. Jumanne Apolline alienda soko la Virunga, hapo Goma, kununua saa ya mkononi, akiwa na bendeji mpya ndani ya mkoba.

Apolline ni mshonaji wa sare za shule, mjane, mzaliwa wa Butembo. Binti yake wa pekee, Charline, alikuwa anaolewa huko Jumamosi. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki nyumbani kwenda kanisani kabla mama yake hajamfunga saa kwa mikono yake mwenyewe. Apolline alifungwa hivyo na mama yake. Charline alikuwa ametuma ujumbe: saa iwe ndogo, rangi ya dhahabu, na mawe yanayong'aa kwenye picha.

Ruffin, muuza saa, alimwekea ya kwanza mezani.

"Angalia hii, mama. Iko na mawe kumi na mbili, moja ku kila saa."

"Ni almasi?"

"Mama, ingekuwa almasi, ungenikuta bado hapa?"

Apolline aliivaa, akatoa bendeji, akaanza kujizungushia.

"Pole, mama! Uliumia wapi?"

"Bado. Nitaumia tukifika kizuizi cha Munigi."

Ruffin alifikiri kidogo, kisha akaelewa vizuri mno. Tangazo lilitaja mali isiyosumbuliwa. Wanaoijua barabara ile wanajua kwamba hiyo ni mali isiyoonekana. Mikoba hufunguliwa, na mahali pengine wanawake wanapoficha vitu pamejulikana siku nyingi. Kidonda hakuna anayeomba kukiona.

Saa ya mawe kumi na mawili, chini ya bendeji, ilionekana kama jipu. Ya pili ilikuwa nzuri kuliko zote, yenye safu ya mawe ya kijani, lakini mawe yalinasa nyuzi, na Ruffin akazichomoa moja moja kwa kucha.

"Miaka kumi na sita nauzisha saa juu zionekane," alinung'unika. "Leo natafuta ya kujificha."

Hata hivyo alishaingiwa na moyo wa mashindano. Alifungua masanduku yaliyokuwa chini ya meza. Ya nne ilikuwa nyembamba kama sarafu, uso mweupe, mawe madogo yamezama ndani ya ukingo. Bendeji ikalala juu yake bila nundu. Ulikuwa mkono wa mgonjwa kabisa.

"Lakini inang'aa?" Apolline aliuliza.

Ruffin aliifungua, akaielekeza kwenye jua. Vidoa vya mwanga vikatapakaa kwenye shati lake.

"Inang'aa, mama. Kwa bahati mubaya."

Alhamisi Apolline alipanda minibus. Bendeji ilifanya kazi yake. Kwenye kizuizi cha kwanza mtu mwenye bunduki alipekua mkoba, akabaki na sabuni mbili, akasema, "Pole na mukono, mama."

Katika mji wa Kiwanja minibus ilisimama. Donat, dereva, alienda mbele kuuliza, akarudi polepole.

"Barabara iko wazi," alisema. "Wamenionyesha hata karatasi."

"Basi twende, papa."

"Karatasi ni ya barabara, mama. Ya magari haijafika."

Ijumaa karatasi ya magari haikufika. Jumamosi asubuhi Apolline aliketi kwenye ngazi ya duka sokoni, wapita njia wakimpa pole ya mkono, naye akizipokea. Saa tatu simu ililia.

"Mama, motokari ziko inje. Uko wapi?"

"Niko Kiwanja."

"Misa ni saa ine. Tukungoje?"

Apolline alitazama barabara. Kulikuwa na kamba tu, imefungwa kwenye miti miwili, na mtu aliyeketi kando yake.

"Hapana. Tanti Laurence akufunge saa yake."

"Ile ya plastiki?"

"Ushike maua juu yake."

Nyuma ya Charline wanawake walikuwa wameanza kuimba. Kisha simu ikakatika, na haikujulikana ni nani aliyeikata, binti au mtandao.

Jumatatu Donat aligeuza minibus na abiria wale wale kumi na wanane. Kutoka Kiwanja hadi Goma hawakusimamishwa hata mara moja.