Wajerumani Wamemwita Mke Wangu Kibarua

Leo nimetolewa nje na askari, na kesho narudi.

Wale Wajerumani wa kufundisha lugha na utamaduni wameleta hapa Eldoret maonyesho ya picha za ile miaka tulinunua mashamba ya wazungu.

Nikaona moja. Marehemu mke wangu na mimi, matambara mwili mzima.

Chini wameandika: "Vibarua wa shamba."

Niliachia darasa la tatu, lakini hiyo nilisoma vizuri.

Siku hiyo tulienda kukagua shamba kama wanunuzi. Nguo mbovu tulivaa makusudi, mzungu asipandishe bei. Ujanja ulikuwa wangu, nakubali. Mke wangu, Mama Chebet, alikuwa ameuza ng'ombe wake wote, akataka kuvaa nguo ya kanisa. Nikamkataza.

Nikaambia msichana wao anayesimamia picha abadilishe hayo maandishi.

"Mzee, tunahitaji ushahidi."

"Twende shambani kwangu Sugoi, msichana wangu. Kaburi lake liko mahali huyo mzungu alikuwa anaegesha gari."

Akaita askari.

Kesho naenda na kalamu, nikate hiyo "vibarua" mwenyewe. Na nitavaa suti.

Nani ananisindikiza?